Dubwana nisiloliona

Swali lenu la wiki hii: riwaya za mapambano, za kisayansi na za madubwana, mtu akizisikiliza badala ya kuzisoma, zinanoga au zinachuja?

Mimi ni fundi cherehani. Kuanzia asubuhi hadi magharibi macho yangu yako kwenye sindano na mikono iko kwenye kitambaa. Kisicho na kazi ni masikio tu. Kwa hiyo nasikiliza, nyingi kwa Kiingereza, maana za Kiswahili za namna hii nikizipata nazimaliza kwa siku mbili.

Mapambano yanachuja, hilo nalisema bila kupepesa. Anayesoma kwa macho akifika pahala watu kumi wanarushiana risasi, anarudi mistari miwili juu akaona nani kajificha nyuma ya gari na nani kaanguka. Mimi nitarudije? Mguu uko kwenye kanyagio, simu iko ndani ya droo ya vifungo, na msimuliaji haningoji. Mwezi uliopita nilikolea kwenye mbio za magari, nikashona mkono wa kushoto wa shati kwenye bega la kulia. Mbio zikaisha sijui nani kafa, na shati likabidi kufumuliwa.

Za kisayansi zinategemea mwandishi. Akinieleza mtambo wake kwa robo saa nzima, mashine ya ovaloki ikianza kunguruma ananipoteza. Ila hesabu moja fupi, iliyokaa vizuri, naweza kutembea nayo siku nzima. Watu husema madubwana hayawezekani kisayansi. Kweli kabisa, na fundi nguo hahitaji profesa amwambie. Mtu akikua mara mbili kila upande, kitambaa chake kinaongezeka mara nne, uzito wake mara nane. Godzilla, lile dubwana la filamu za Kijapani, kwenye filamu yake ya kwanza ya mwaka 1954 alikuwa na kimo cha mita 50, kama mara 30 ya kimo changu (sikujaliwa urefu). Kanzu yake ingekula kitambaa cha kanzu zangu 900, lakini uzito wake ungekuwa wa watu 27,000 kama mimi. Na mfupa wa mguu? Ukiukata kwa upana, eneo la mkato limeongezeka mara 900 tu, kama kitambaa. Kila kipande chake kinabeba mzigo mara 30 ya wangu. Angesimama tu, angevunjika. Nalijua hilo, na bado nataka aje.

Kabla sijafika kwake, niseme neno kuhusu koo la msimuliaji. Mwaka 2014 John Scalzi alitoa riwaya ya kisayansi, Lock In, ambayo mhusika wake mkuu hatajwi kama ni mwanamume au mwanamke. Kwenye karatasi siri imekaa. Kwenye sauti kitabu kikarekodiwa mara mbili, kimoja kasoma mwanamume, Wil Wheaton, kingine mwanamke, Amber Benson. Kwa Kiswahili Scalzi asingetoka hata jasho, “yeye” yetu haibagui. Lakini koo lingemuumbua vilevile.

Sasa dubwana. Hapa sikio halina mpinzani, mradi mwandishi asiwe na haraka ya kulichora. Likishatajwa magamba, meno na urefu wa mkia, kwangu limekuwa ng'ombe mkubwa tu. Bibi yangu alilijua hilo. Alikuwa akitusimulia Nunda mla watu, ngano ambayo Edward Steere aliisikia Unguja akaichapisha mwaka 1870. Paka wa sultani anakula ndama, sultani anasema paka ni wangu na ndama ni wangu. Kidogo kidogo paka anahamia kwa watu, anatokomea msituni. Kijana wa mwisho wa sultani anatoka kumwinda. Anarudi na mnyama aliyemuua, anamwimbia mama yake kwamba ndiye Nunda. Mama anamwimbia: siye. Anarudi na mkubwa zaidi. Siye. Bibi alikuwa akiivuta ile “siye” mpaka tunasogeleana mkekani, maana kila akiitamka, yule wa msituni alikuwa anakua, na hakuna aliyetuambia ana kimo gani.

Hata mngurumo wa Godzilla haukutoka kwa mnyama. Mtunzi wa muziki Akira Ifukube na wenzake walilegeza nyuzi za kontrabasi, wakazisugua kwa glavu ya ngozi iliyopakwa ulimbo wa msonobari. Nami nilijaribu, kwa uzi wa nailoni na mkanda wa suruali. Akalia mbuzi.

Ila kilichonishika kuliko vyote si mngurumo. Oktoba 30, 1938, Orson Welles aliigiza kwenye redio ya CBS, Marekani, riwaya ya H. G. Wells ya mwaka 1898 kuhusu wavamizi kutoka Mirihi, akaifanya kama taarifa za habari zinazokatiza muziki. (Ile habari ya nchi nzima kukimbia ovyo, magazeti yaliikoleza chumvi.) Rekodi ipo. Mtangazaji yuko shambani, anaeleza moto unavyomjia, anakatika katikati ya sentensi. Kimya. Nilipofika hapo mguu wangu ulinyanyuka wenyewe, cherehani ikanyamaza nayo. Mteja aliyekaa kwenye benchi akisubiri suruali yake akainua kichwa.

“Fundi, umeme umekatika?”