Je, vidonge vya mjamzito vinapunguza tawakkul (kumtegemea Allah)?

SWALI: Assalaamu alaykum Sheikh. Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa na mgongo wazi, akafariki siku ya tatu. Kliniki wakanipa asidi ya foliki ya miligramu 5 nianze kabla ya kushika mimba nyingine, nikaimeza miezi mitatu. Sasa nina mimba ya wiki tisa. Wiki mbili zilizopita nilimsikia mhubiri akisema vidonge vya wajawazito ni udhaifu wa imani, kwamba Maryam alikula tende tu, na Muislamu anatoshwa na habbat sauda (mbegu nyeusi) na maji ya ruqya (yaliyosomewa Qur'ani). Akasema mtoto mwenye kasoro ni malipo ya mama asiyemtegemea Allah. Nikaviacha. Mama mkwe naye anasema vidonge vya kuongeza damu, vile vya chuma, vinamkuza mtoto mpaka mama apasuliwe, na vina mafuta ya nguruwe. Sina amani. Nifanye nini?

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullahi wabarakaatuh.

Binti yangu, naanza na lililokuumiza, ingawa hukuliuliza. Mtume (s.a.w.) aliruzukiwa watoto saba, na sita kati yao walifariki yeye yu hai, aliyebaki nyuma yake ni Fatima peke yake. Mwanawe Ibrahim alifariki akiwa bado ananyonya. Nani atathubutu kusema hayo yalikuwa malipo ya upungufu wa tawakkul? Anayemwambia mama aliyefiwa maneno kama hayo anamsemea Allah asilolijua, na dhambi hiyo imetajwa ndani ya Qur'ani. Hukumuua mwanao kwa imani yako.

Ama vidonge, vimeze. Kwa hali yako sisemi tu kwamba vinajuzu. Naona kuviacha ndiko kunakohitaji udhuru.

Imamu Ghazali, alipozungumzia tawakkul, alizigawa sababu zinazoondoa madhara mafungu matatu: za yakini, kama mkate kwa njaa na maji kwa kiu, za dhana yenye nguvu, kama kuumikwa (kutolewa damu kwa pembe) na dawa za matabibu, na za kudhania tu, ambamo aliitia ruqya. Fungu la kwanza, akasema, kuliacha si tawakkul hata kidogo, bali ni haramu pakihofiwa kifo. Sasa tazama hivyo vidonge vyako ni nini. Chuma kimo ndani ya nyama na kunde, foliki imo ndani ya mboga za majani. Kilichotiwa kwenye kidonge ni chakula, ila kimepimwa, kwa sababu mjamzito anahitaji kingi kuliko anachoweza kula: damu yake huongezeka karibu nusu ya ilivyokuwa, na mtoto hujiwekea akiba ya chuma ya kutumia miezi yake ya mwanzo duniani. Vidonge hivi viko karibu na mkate kuliko vilivyo karibu na kuumikwa. Na huyo mhubiri, nina yakini, hajaacha kula kwa ajili ya tawakkul.

Hoja yake ya Maryam inamgeukia mwenyewe. Katika Sura Maryam, aya ya 25, mwanamke aliye katika uchungu wa kuzaa, peke yake, anaambiwa alitikise shina la mtende ndipo tende zimdondokee. Mwanamume mwenye nguvu hawezi kulitikisa shina la mtende likamwaga tende. Aliyeziangusha ni Allah, na angeweza kuziangusha bila mkono wake. Kwa nini basi aliamrishwa kutikisa? Aya inayotolewa kukukataza sababu ndiyo inayoamrisha sababu, tena kwa mwanamke wa hali yako.

Wengine hutaja hadithi ya watu 70,000 watakaoingia Peponi bila hesabu, iliyomo katika Bukhari na Muslim. Isome sifa kwa sifa: hawaombi kufanyiwa ruqya, hawachomwi kwa moto, hawaamini mikosi, na kwa Mola wao wanategemea. Haikusema dawa zote. Iliyotajwa ni ruqya ya kuomba kwa watu, jambo lile lile analokuitia huyo mhubiri! Mtume mwenyewe aliumikwa na akamlipa aliyemuumika, na walipomuuliza mabedui kuhusu kujitibu aliwaambia: "Jitibuni, enyi waja wa Allah," kwani hakuna maradhi aliyoyaweka Allah bila kuyawekea dawa, isipokuwa uzee.

Hadithi ya habbat sauda, kwamba ni dawa ya kila maradhi isipokuwa mauti, ni sahihi, siipingi. Lakini Khattabi, mwanazuoni wa hadithi wa kale, na wengineo waliisherehesha kuwa tamko lake ni la jumla na makusudio yake ni mahsusi, na Mtume hakusema iondoe vingine. Ukiitia kidogo kwenye chakula hakuna neno. Kunywa mafuta yake kwa vijiko ukiwa na mimba usifanye, maana kiasi kilicho salama kwa mjamzito hakijathibitishwa. Ruqya jisomee mwenyewe, Fatiha na Muawwidhatayn (Sura Al-Falaq na An-Naas), kisha meza kidonge.

Mama mkwe wako anakupenda na anamhofia mjukuu, kwa hiyo mjibu kwa upole. Chuma hakimnenepeshi mtoto. Mtoto mkubwa kupita kiasi mara nyingi hutokana na kisukari cha mama au uzito wake kuzidi. Upungufu wa damu ndio unaozaa watoto wenye uzito mdogo, na mama ambaye damu yake iko chini ya 7 (gramu za himoglobini kwa desilita) anaweza kuzidiwa na utokaji wa damu ambao mwenzake mwenye 11 angeuhimili. Ama nguruwe: shaka iko kwenye jelatini ya kapsuli, si kwenye vidonge vilivyoshindiliwa, na vidonge vingi vya chuma na foliki ni vya kushindiliwa. Muulize mfamasia akupe hivyo, shaka iishe.

Sasa usikilize hesabu, maana naona unajilaumu kwa wiki hizi mbili. Mfereji wa uti wa mgongo wa mtoto hufunga kufikia siku ya 28 tangu mimba itunge, yaani wiki ya sita kwa hesabu ya kliniki. Wewe uliacha wiki ya saba. Siku zile zenyewe ulikuwa unameza, alhamdulillah. Utafiti uliochapishwa mwaka 1991 ulionyesha kuwa wanawake waliokwisha kupata mtoto wa namna hii, wakimeza foliki miligramu 4 kwa siku tangu kabla ya mimba, hatari ya kurudia ilipungua kwa asilimia 72. Haikufika 100, kinachobaki ndio uwanja wa dua yako.

Rudi kwenye dozi yako leo, usimeze mara mbili kufidia. Miligramu 5 kwa kawaida huendelea hadi wiki ya 12, kisha kliniki watakushusha hadi miligramu 0.4. Usiipate hiyo 5 kwa kurundika vidonge vya mchanganyiko wa vitamini, maana vitamini A itazidi nayo, na ikizidi humlemaza mtoto aliye tumboni. Chuma kinachopendekezwa ni miligramu 30 hadi 60 kwa siku. Pakiti ikiandikwa fero salfeti iliyokaushwa miligramu 200, usishtuke. Chuma chenyewe humo ni kama 65. Kitenganishe na chai, kahawa, maziwa na vidonge vya kalisi kwa saa mbili. Kikikutia kichefuchefu, kimeze usiku baada ya kula kidogo. Choo kitakuwa cheusi, hilo ni la kawaida; kikiwa kigumu, ongeza maji na mboga. Na pakiti iwe mbali na watoto wa nyumba hiyo, kwani vidonge vichache vya chuma vinaweza kumuua mtoto mdogo.

Mume wako msomee jibu hili. Wanazuoni wengi wa kale hawakuihesabu dawa katika nafaqa (matumizi ya lazima) ya mke, lakini chakula hakina khilafu (tofauti ya rai), na hiki ni chakula. Allah amewaamrisha wanaume wawagharimie wenye mimba hata waliokwisha kuachwa, mpaka wajifungue (Sura At-Talaq, aya ya 6), sembuse mke aliye ndani ya nyumba yake. Awe yeye wa kuongea na mama yake, si wewe. Na mkienda kliniki, mwambieni mkunga habari za mtoto wa kwanza hata kama imeandikwa kwenye kadi, apange na picha ya kuutazama mgongo wa mtoto kati ya wiki ya 18 na 22.

Wallahu a'lam.