Kabla Hujauwekea Sauti Wimbo wa Kiyahudi: Neno kwa Watunzi Wapya

Wewe unayeanza kuandikia fidla na piano nyimbo za jadi za Wayahudi wa Ulaya Mashariki, nakusihi utangulize masikio kabla ya kalamu. Joel Engel, mtunzi na mhakiki wa Moscow, alifanya hivyo mwaka 1912 alipofuatana na msafara wa S. An-sky, mwandishi na mkusanyaji wa mila za Wayahudi, katika miji midogo ya Wayahudi wa Dola ya Urusi, wakinasa sauti za waimbaji kwa fonografu.

Mimi sikutangulia kusikiliza. Kazi yangu ya kwanza niliinakili kitabuni, nikaiwekea sauti za chini kama nilivyozoea kuziwekea tenzi za kanisani, na wimbo ukanifia mikononi. Sababu niliielewa baadaye. Imba mi, fa, kisha so iliyopandishwa nusu toni, halafu la, ti, do, re, mi: hiyo ndiyo ngazi iitwayo Ahava Rabbah, na mpenzi wa taarab ataitambua upesi, kwa kuwa inakaribiana sana na maqamu ya Hijazi. Uzito wake umo katika ile fa iliyobanana na mi, na katika pengo pana linaloifuata. Ukiufunga mstari kwa desturi ya kiklasiki, yaani kwa kutoka daraja la tano na kurudi nyumbani, utalazimika kuipandisha fa hiyo hiyo pamoja na re, na hapo utakuwa umeung'oa moyo wa wimbo. Afadhali piano ipige re, fa na la kwa pamoja, kisha itue kwenye mi, so iliyopandishwa na ti.

Jifunze pia kwa Joseph Achron, aliyejiunga na Jumuiya ya Muziki wa Jadi wa Kiyahudi iliyoanzishwa St. Petersburg mwaka 1908. Katika Melodi yake ya Kiebrania ya mwaka 1911, fidla huanza chini, kwenye uzi mnene kuliko zote, na wimbo unaporudi huwa umepanda na kupambwa, huku piano ikijizuia. Kujizuia huko ndiko kugumu zaidi kwetu tuliotoka vyuoni.

Mapambo nayo usimwachie mpigaji ayabahatishe. Ile kwikwi fupi ya sauti, ambayo wanamuziki wa Kiyidishi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, huiita krekhts, iandike kwa noti ndogo, kisha keti naye aipige polepole mpaka isikike kama mtu anayelia huku akiimba.