Usiondoke Kabla ya Kikombe cha Tatu

SWALI: Shangazi, salamu nyingi kutoka Jinja. Mwezi ujao nakwenda Ethiopia kwa wiki tatu, peke yangu na begi langu la mgongoni: Addis Ababa, kisha Harar. Kiamhari sijui hata neno. Wenzangu wanasema Kiingereza kitanitosha, lakini sitaki kurudi na picha tu, nataka marafiki. Shida yangu ni aibu. Nikikosea neno mbele za watu, nanyamaza siku nzima. Nifanyeje? – Dada wa Jinja

JIBU: Mwanangu, Kiingereza kitakupatia chumba na chakula. Rafiki hakikupatii kwa urahisi, maana anayekujibu kwa Kiingereza mara nyingi yuko kazini.

Kwanza ujue huendi mikono mitupu. Salamu yao ni selam, chai ni shai, sabuni ni samuna. Duka ni suk, ndugu yake soko letu. Na kahawa ni buna. Si ndizo buni tunazoanika kule Bugisu? Hata saa wanahesabu kama sisi: saa moja ni jua likishachomoza. Nilipokuwa Addis, mzungu mmoja tuliyelala naye nyumba moja ya wageni aliambiwa basi ni saa kumi na mbili. Akafika stendi adhuhuri, na basi lilikwisha kuondoka alfajiri. Wewe hilo halitakupata, ila saa za ndege zihesabu kizungu.

Sasa hiyo aibu. Asubuhi yangu ya pili nilimwamkia msichana muuza kahawa kando ya barabara: "Indemin neh?" Akacheka, nami nikatamani kuondoka. Lakini aliniwekea kigoda, akajigusa kifua: "Nesh." Akamwonyesha kijana aliyekuwa anapita: "Neh." Kisha akamwonyesha mzee mwenye fimbo: "Not." Kumbe mwanamke ana neno lake, mwanamume lake, na mtu wa kuheshimiwa lake. Sisi tuliozoea "hujambo" ya kila mtu tungejuaje? Akaniuliza kwetu tunasemaje, nikamfundisha. Siku ya nne nilikuta kigoda changu kimeshawekwa. Ningelitamka sawasawa siku ile, angenijibu tu na kuendelea na kazi yake.

Kwa hiyo usingoje ujue. Busia mpakani, mama wa sokoni alikijua Kiswahili kwa kubishania bei ya samaki, na hakuna aliyemsubiri amalize sarufi.

Ukikaribishwa kahawa nyumbani, tenga muda. Buni huoshwa na kukaangwa mbele yako, hutwangwa, kisha huchemshwa katika birika la udongo liitwalo jebena. Unanywa mara tatu: abol, kikali kuliko vyote, halafu tona, mwisho bereka, ndiyo baraka. Kuondoka baada ya abol si adabu. Na mazungumzo yenyewe hunoga kuanzia cha pili, watu wakishachoka kukuuliza umetoka wapi. Wazee wa Buganda walifunga omukago, udugu wa kuchanjiana, kwa kugawana punje ya kahawa, kwa hiyo jambo hili si geni kwetu. Ila kwa kuwa uko peke yako, mwambie mwenye nyumba ya wageni unakwenda kwa nani, na urudi kabla ya giza.

Harar usidhani kila mtu ni Mwamhara. Kuna Kiharari, na Kioromo kinasemwa sana. Muulize mtu lugha ya mama yake kabla ya yote. Kwa Mworomo sema "akkam", uone uso wake unavyofunguka.

Beba daftari. Herufi zao ni zaidi ya 200, huzimalizi kwa wiki tatu, lakini kumwomba mtu akuandikie jina lako ni sababu nzuri ya kukaa naye.

Na asante yao ni ndefu: ameseginalehu. Igawanye, a-me-se-gi-na-le-hu, uanze leo jioni ukiosha vyombo.