Usimwambie Mzee Atyuni Tarumbeta Yake

Jumamosi iliyopita nilikuwa harusini Ngamiani, mgeni wa kula pilau tu, saksafoni nimeiacha nyumbani. Bibi harusi anaingia, emsii koo limekauka kwa kelele, akajitokeza kijana na saksafoni ya alto inayong'aa kuliko gari la maharusi. Flashi ikachomekwa, biti ikaanza, kijana akapuliza. Alianza vizuri, sina la kusema. Mara umeme ukakatika. Biti ikanyamaza, na yeye akanyamaza. Akabaki katikati ya ukumbi kakumbatia domo la bata kama mtu aliyeachiwa mtoto wa jirani, mama mtu haonekani. Bibi harusi alimalizia safari yake kwa vigelegele vya shangazi zake.

Wimbo alikuwa haujui. Alichokuwa anakijua ni ile flashi.

Kwa mwaka huu ni kijana wa tatu namwona hivyo, na uvumilivu umeniishia. Haya nawaandikia ninyi mlioanza juzi, wa hapa Tanga na wenzenu mnaorudi likizo kutoka chuo cha sanaa cha TaSUBa Bagamoyo na vyeti mkononi. Ridi, kile kibanzi cha kwenye mdomo wa chombo, sielezi kinafanyaje kazi. Kama hujui, mrudie aliyekuuzia chombo.

1. Sauti ndefu, dakika ishirini kila siku, kabla ya mbwembwe zozote.

2. Ridi ziwe tatu, uzizungushe, na usiilaze ridi kwenye mausipisi, pale pa kupulizia, usiku kucha. Namba ni ugumu wa ridi, na namba nne si cheo. Kuna mmoja alinijia na namba nne midomo imemvimba, anapumua kama ngalawa inayovuja, kumbe kaambiwa wakubwa wote wanapuliza namba nne. Nikampa mbili na nusu, akatoa sauti ya binadamu.

3. Hewa yetu ya chumvi haina urafiki na shaba wala pedi. Kausha chombo kila ukimaliza, na usikiache kwenye buti la gari mchana wa Januari, gundi ya pedi italainika na utaambiwa fundi yuko Dar.

4. Mahali pa kufanyia mazoezi. Usigombane na majirani, hama wewe. Sonny Rollins, mpuliza saksafoni wa Marekani, alikuwa tayari ana jina New York, lakini jirani yake alikuwa mjamzito na yeye hakutaka kumsumbua. Kuanzia 1959 mpaka 1961 akawa anakwenda kupuliza juu ya daraja la Williamsburg, magari yanapita, meli zinapita, saa nyingi kwa siku. Mtu mkubwa hivyo, tena kaacha kazi za majukwaani ili ajifunze upya. Mimi daraja sina, nina Raskazone, pale baharini. Nilianza kwenda pale alfajiri, uso kwenye kisiwa cha Toten, napuliza nota za chini peke yangu. Wiki ya pili mvuvi mmoja akanifuata, akanisalimia kwa adabu, akauliza hiyo meli ninayoiitia inaingia lini. Mpaka leo wapo wanaoniita Nahodha.

5. Jua Do yako iko wapi. Kinanda kikisema C, ili mtoe sauti hiyo hiyo, wewe wa alto unashika A, wewe wa teno, saksafoni kubwa zaidi, unashika D. Mmelisoma hilo, mmelifanyia na mtihani. Hata mimi nilikuwa nalijua, ndiyo maana linaniuma.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, teno ya mkono wa pili, kiburi kipya kabisa. Hoteli moja ya ufukweni ilitaka usiku wa jazi kwa ajili ya wageni wake. Kiongozi wa bendi alikuwa mstaafu wa bendi ya jeshi, mtu wa nota, akawa amemwandikia kila mpulizaji karatasi zake kwa mkono. Kwenye stendi yangu nikakuta mafungu mawili, kwa sababu mtu wa alto alipata msiba siku hiyo na karatasi zake hakuna aliyeziondoa. Nikachukua la juu. Kona ya kushoto paliandikwa neno la herufi nne kwa wino mwekundu. Sikulisoma. Macho yangu yalikuwa kwenye meza walizokaa wasichana.

Wimbo wa kwanza ulikuwa wa ufunguo wa F. Karatasi ya alto, kwa wimbo wa F, huandikwa D. Sasa ipulize hiyo D kwa teno: inatoka C. Na skeli ya C na ya F zinatofautiana nota moja tu, ile B. Kwa hiyo huisikii kama kelele. Unasikia kitu kinachofanana na muziki, ila kuna mtu humo ndani amekosea, na kwa umri ule niliokuwa nao, aliyekosea hawezi kuwa wewe.

Kulia kwangu alikaa mzee wa tarumbeta. Simtaji, familia yake ipo. Alikuwa anapuliza kwenye dansi tangu sijazaliwa. Nikamtupia jicho, nikamwonyesha kwa kidole: vuta. Akavuta bomba la tarumbeta yake kidogo, kama mwanafunzi. Bado. Nikamwonyesha tena, akavuta tena. Wimbo ulipokwisha nikamwinamia nikasema, nikidhani nasema chini chini, "Mzee, tyuni hiyo tarumbeta yako. Masikio yamechoka nini?"

Maiki yangu ilikuwa wazi. Meza za mbele zikacheka. Mzee akasema, "Huenda, mwanangu."

Wimbo wa pili, F tena. Kabla hatujaanza nikamwona mzee kapeleka mkono nyuma ya mgongo, kafumba ngumi, anawaonyesha watu wa besi na kinanda. Nikajua keshakasirika, nikatabasamu. Tukaanza, na kila kitu kikakaa mahali pake. Tarumbeta sawa, besi sawa, kinanda sawa. Aliyepata tabu ni mwimbaji peke yake, mama mmoja wa sauti nyembamba, alikuwa anaitafuta sauti huko chini kama mtu aliyeangusha hereni uvunguni. Mimi nikajisemea moyoni: umeona, mzee ametyuni.

Mapumziko nikazikusanya karatasi kuzinyoosha, ndipo nikaliona. ALTO. Joto lilinianzia nyayoni. Nikatazama huku na huku, nikaweka juu fungu la teno, lile la alto nikalisokomeza kwenye boksi la saksafoni chini ya kitambaa. Tuliporudi jukwaani mzee alilisukuma bomba la tarumbeta yake mpaka lilipokuwa mwanzo, akapuliza. Hakuna aliyesema neno. Tukalipwa sawasawa.

Mtasema kosa ndilo hilo. Hilo angelifanya yeyote, na kwa huruma ya Mungu lingekwishia pale. Kosa langu lilikuja wiki zilizofuata. Watu walikuwa wameisikia ile maiki, na kijiwe cha kahawa kikataka habari kamili. Nikawapa. Nikawaambia mzee masikio yamekwenda, alisumbua wimbo mzima mpaka nikamrekebisha. Niliisimulia vizuri, naigiza na namna alivyovuta bomba, watu wanacheka mpaka kashata zinawapalia. Kwa nini? Kwa sababu nilijua kuna karatasi kwenye boksi langu, na niliogopa yeye asiwahi kusimulia kabla yangu. Tanga nayo si mji mkubwa. Mwenye harusi akitaka tarumbeta, anauliza kijiweni, anaambiwa yule mzee basi tena, mchukue fulani. Simu zikapungua. Sikuona kwa macho yangu zikipungua. Niliona tu kwamba kila kazi ninayokwenda, tarumbeta kaishika mtu mwingine.

Miaka miwili ikapita. Siku moja tuko garini kwenda kazi ya Korogwe, nimekaa na yule mpiga besi wa usiku ule, ananifundisha ishara zao za kuitana funguo wakati wimbo unaendelea. Vidole juu ni idadi ya shapu za ufunguo, nota zilizopandishwa nusu, vidole chini ni idadi ya bemoli, zilizoshushwa nusu. Kidole kimoja chini, F. Viwili chini, B bemoli. Nikamuuliza, na C je? Akafumba ngumi.

Hapo tulikuwa tumepita Pongwe. Sikufungua mdomo mpaka Korogwe.

Yaani mzee alijua tangu wimbo wa kwanza. Alijua nimekosea wapi na kwa sababu gani, na badala ya kuniambia mbele za watu, aliihamisha bendi nzima, na mwimbaji wake, akaileta pale nilipokuwa nimepotea mimi. Ngumi niliyoichekea ilikuwa inanisitiri.

Nilikwenda kwake na kilo mbili za sukari. Tukakaa barazani, akaleta kahawa, tukazungumza Coastal Union saa mbili nzima. Tarumbeta ilikuwa imetundikwa ukutani, mdomo wake umezibwa kwa kitambaa vumbi lisiingie. Neno lilikuja mpaka hapa kooni, nikaaga. Nikasema nitarudi Ijumaa nimwambie. Nilirudi, na Ijumaa nyingine nikarudi, na kila Ijumaa ilikuwa Coastal. Alipolazwa nilikwenda, nikakaa ukingoni mwa kitanda, tukazungumza Coastal. Siku ya maziko nilipokea jeneza kwa zamu kama wengine. Maziko yetu hayapulizwi saksafoni, na siku ile nilishukuru.

6. Soma kona ya kushoto ya karatasi.

7. Kuna mmoja wenu, tena mwenye kipaji, aliniambia bendi za zamani za Tanga hazikuwa jazi "ya kweli". Sikiliza wewe. Neno jazi hapa lilikuwa kwenye bango kabla hujui kulitamka: Jamhuri Jazz, Atomic Jazz, na si Tanga tu, Morogoro Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz. Ni kweli walipiga rumba na chacha. Lakini tafuta rekodi zao, weka sikio kwenye saksafoni, usikie inavyomngoja mwimbaji amalize mstari ndipo ijibu, maneno machache, inatoka. Wewe unamjibu mwimbaji akiwa bado anauliza. Ukimaliza hapo mtafute Verckys wa Kongo alipokuwa OK Jazz, umtafute Manu Dibango wa Kameruni, wote wapuliza saksafoni, kisha nenda kwa John Coltrane wa Marekani na uko na adabu. Taarabu ya Black Star ya hapa Tanga usiipite pia. Hakuna saksafoni humo ya kukutisha, ila kuna jinsi ya kukaa kimya.

8. Unga. Nitasema mara moja, maana nimezika watu. Charlie Parker, mpuliza alto wa Marekani, alikufa 1955 ana miaka 34, na daktari aliyeiona maiti alikadiria ni mtu wa hamsini mpaka sitini. Vijana wa wakati ule walidhani heroini ndiyo inayompulizia, wakaifuata, wakapata heroini bila upulizaji. Coltrane aliiacha 1957, na kazi kubwa tunayomjulia aliifanya baada ya hapo. Hapa mjini najua nani anawafuata nyuma ya jukwaa na najua anasema nini. Mwambieni mna mazoezi.

9. Nusu ya malipo uichukue kabla hujafungua boksi.

10. Sasa wewe wa Jumamosi, usiyetaka kupokea salamu yangu ukatokea mlango wa jikoni. Huyo Parker, alipokuwa kijana wa umri wa sekondari huko Kansas City, alipanda jukwaani na wakubwa, akapotea katikati ya wimbo, na mpiga drams Jo Jones akautupa upatu wake sakafuni karibu na miguu yake, ukumbi mzima ukasikia. Akaondoka na aibu yake. Kiangazi cha 1937 alipata kazi milima ya Ozark, akachukua na rekodi za mpuliza teno Lester Young, akazisikiliza na kuzifuatisha mpaka zikamkaa vidoleni. Aliporudi mjini waliomcheka walikaa wima.

Wewe hukutupiwa hata kijiko. Umekatiwa umeme tu, na umeme utakatika tena. Wimbo ule wa bibi harusi una maneno. Yajue yote, uyaimbe kwa mdomo ukiwa unaoga, ujue wapi mwimbaji anavuta pumzi, halafu uupulize kwa A, kwa D, kwa popote utakapoitiwa.

Nipo Raskazone kila siku baada ya swala ya alfajiri, uliza kwa Nahodha. Makorora kuna harusi mwisho wa mwezi, bendi kamili, na nafasi ya alto iko wazi. Flashi iache kwenu. Ridi njoo nazo, mimi sikopeshi.