Posho yaisha siku ya pili

Swali: Shangazi, shikamoo. Mwanangu ana miaka 13. Nampa posho kila Jumatatu, Jumanne haipo, na ukimuuliza imekwenda wapi hajui. Niikate kabisa?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Usiikate, asiyeshika fedha atajifunzia wapi kuzitunza? Mpe daftari. Binti yangu nilimwanzisha umri huohuo: safu nne kwa penseli, yaani tarehe, kilichoingia, kilichotoka na salio. Wiki ya kwanza aliandika “vitu vidogo” mara nne. Nikamwambia kila kitu kina jina, akiandike. Alipoviandika kwa majina alinyamaza kidogo, kisha akavipigia mstari viwili ambavyo hata hakuvihitaji. Sikumwambia neno.

Akiba itengwe siku ileile anayopokea, hata moja ya kumi. Akingoja kitakachobaki, hakibaki.

Riba mwonyeshe kwa hesabu, si kwa mawaidha. 100 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwaka huwa 110. Mwaka wa pili, asipozigusa, si 120 bali 121, kwa kuwa riba nayo imezaa. Akigawanya 72 kwa kiwango cha riba atapata takriban miaka ya fedha kuongezeka maradufu: kwa asilimia 6, miaka 12. Aelewe pia kwamba deni lisilolipwa hukua vivyo hivyo.

Na zikiisha Jumanne, usimwongezee. Itakuuma, najua. Mimi nililegea mara mbili tu, na daftari likakaa mwezi mzima bila kufunguliwa.