Albamu za Kubaki Nazo Maisha

Barua za safari hii zinahusu jambo moja: ukilazimika kubaki na albamu chache tu, uchague zipi, na ukishazichagua uzitunze vipi zisikufie mikononi.

Swali: Wapendwa wahariri, nina albamu zaidi ya 300, santuri, kaseti na CD zikiwa zimechanganyika. Nahamia nyumba ndogo, na nimejipa sharti la kubaki na kumi. Kila nikikaa kuchagua nafika thelathini, nakwama. Nianzie wapi?

Anzia mbali na kabati. Kaa chumba kingine na kalamu na karatasi, jipe dakika 15, uandike albamu zinazokujia kichwani. Ukisimama mbele ya kabati macho huvutwa na majalada, na ile uliyoihangaikia miaka kuipata utaona aibu kuiacha. Karatasi yako itakuwa na majina 20 hadi 40, na hayo tu ndiyo yaingie kwenye mchujo. Usijaribu kusikiliza zote: albamu 300 za dakika 45 ni saa 225. Kwa albamu moja kila siku utamaliza baada ya miezi kumi, na ya kwanza utakuwa umeshaisahau.

Kisha sikiliza kweli. Wengi hukosea hapa. Wanachagua kwa kumbukumbu, na kumbukumbu hutunza nyimbo mbili nzuri na kuzifuta nane zilizobaki. Sikiliza albamu moja kwa siku, mwanzo hadi mwisho, kwa mpangilio alioupanga mwanamuziki, simu ikiwa mbali. Weka daftari lenye safu tatu: tarehe, nyimbo ulizotamani kuziruka, na ulichofanya albamu ilipokwisha. Safu ya tatu ndiyo inayosema ukweli. Albamu ya maisha ikiisha unabaki umekaa, au mkono unaenda kuirudisha mwanzo. Ile ya kawaida ikiisha hujui hata kama imeisha.

Katika albamu ya nyimbo kumi, ukiruka zaidi ya mbili, basi unapenda nyimbo, albamu hupendi. Si dhambi. Zinakili nyimbo hizo kwenye orodha yake na uiache albamu iende. Zilizopita zirudie mara tatu, kila mara baada ya wiki mbili au zaidi, na ubadilishe saa: asubuhi, usiku, siku ya uchovu. Mara moja kati ya hizo, punguza sauti hadi iwe chini kabisa. Albamu iliyokuwa inabebwa na kishindo cha besi itanyauka hapo hapo, wakati yenye uimbaji na mpangilio mzuri itaendelea kukushika.

Kuna mitego miwili. Wa kwanza ni upya: albamu ambayo hujakaa nayo mwaka mzima isiingie orodhani, hata kama wiki hii unaisikiliza mara tano kwa siku. Wa pili ni albamu za ujana. Jiulize kama unaipenda sauti yenyewe au unampenda mtu uliyekuwa naye ukiisikiliza. Kuiweka kwa ajili ya mtu huyo ni halali kabisa, ila iwe moja. Zikiwa nne, unatunza shajara.

Mwishowe zitazame zote kwa pamoja. Kumi za dakika 45 ni saa saba na nusu, yaani siku moja tu ya kusikiliza, kwa hiyo utazirudia sana. Zikiwa zote za majonzi zitakuchosha. Kipindi cha redio cha BBC kiitwacho Desert Island Discs, kilichoanza mwaka 1942, humtaka mgeni achague rekodi nane, kisha humuuliza ni ipi moja angeiokoa kama mawimbi yangekuja kuzizoa. Ninyi wenye kukwama lianzeni swali hilo mapema. Ukishaijua ile moja, tisa zilizobaki zichague kwa kutazama kile ambacho hiyo haina: kama ni ya sauti moja na gitaa, tafuta ya bendi kubwa; kama ni ya maneno mengi, tafuta isiyo na maneno.

Swali: Je, mkusanyiko wa nyimbo bora za mwanamuziki unahesabika kuwa albamu?

Kwa wanamuziki wa zamani, ndiyo, bila kusita. Santuri ndefu ya mizunguko 33⅓ kwa dakika ilitoka mwaka 1948. Kabla yake santuri ya mizunguko 78 ilibeba dakika tatu hadi tano kila upande, na zilipouzwa kadhaa pamoja ziliwekwa kwenye jalada lenye kurasa za mifuko, kama albamu ya picha. Jina lilitoka hapo. Mtu aliyerekodi wimbo mmoja mmoja, mkusanyiko wake ndiyo albamu yake. Kwa aliyepanga albamu kamili, mkusanyiko ni vipande tu. Itafute albamu yenyewe.

Swali: Albamu ile ile ninayo kwenye santuri ya zamani na kwenye CD ya toleo lililosafishwa upya. Nafasi ni ya moja. Nibaki na ipi?

Usidhani la zamani ndilo sahihi siku zote. Mfano unaojulikana ni Kind of Blue ya mpiga tarumbeta wa jazi Miles Davis, ya mwaka 1959. Mashine iliyorekodi nyimbo tatu za upande wa kwanza ilizunguka polepole kidogo, hivyo ziliposikilizwa kwa kasi ya kawaida zilitoka juu ya sauti yake halisi. Kosa hilo lilidumu hadi matoleo ya miaka ya 1990 yalipolirekebisha. Anayetaka kupiga ala yake sambamba na rekodi hiyo, toleo la zamani litamsumbua.

Kwa upande mwingine, matoleo mengi yaliyosafishwa upya tangu miaka hiyo hiyo ya 1990 yamekandamizwa ili yasikike kwa nguvu. Sehemu za sauti ndogo zimepandishwa, vilele vya sauti vimekatwa, na mnong'ono na mlio wa tarumbeta vinakaribia kulingana. Ukisikiliza dakika kumi unavutiwa, ukisikiliza arobaini masikio yanachoka. Wa kubaki naye maisha hatakiwi kukuchosha.

Zilinganishe hivi. Kwanza sawazisha sauti, kwa sababu kinacholia kwa nguvu zaidi, hata kidogo tu, sikio hukiona bora. Chagua sekunde 30 zenye kimya kinachofuatwa na ngoma, mwambie mtu akubadilishie bila kukuambia ipi ni ipi, na usikilize matoazi: mlio wake unafifia taratibu au unakatika? Tazama pia mwisho wa CD. Nyimbo za nyongeza zikibandikwa baada ya wimbo wa kufungia, zinaua umaliziaji. Panga kichezeo chako kisimame kabla yake.

Santuri nayo ikague kabla ya kuipa nafasi, na anza na wimbo wa mwisho wa kila upande. Sindano ikiwa ukingoni, mfereji hupita chini yake kwa karibu sentimita 51 kwa sekunde. Ikifika karibu na kati, ni kama sentimita 21 tu. Mawimbi yale yale yanabanwa kwenye nafasi ndogo, na sindano iliyochakaa huyaharibu kwanza. Utasikia herufi "s" ikichanika kama karatasi. Ikiwa wimbo wa mwisho ni msafi, kilichobaki kwa kawaida ni kisafi pia.

Swali: Albamu ninayoipenda kuliko zote iko kwenye kaseti pekee. Kile kisponji cha ndani kimedondoka, na sauti inakuja na kupotea. Nifanyeje?

Usiigandishe kwa gundi. Gundi ikigusa utepe umekwisha. Kisponji kile kidogo ndicho kinachoukandamiza utepe kwenye kichwa cha kusomea, ndiyo maana sauti inayumba. Dawa ni kuhamisha utepe kwenye ganda lingine. Tafuta kaseti isiyo na thamani kwako iliyofungwa kwa skurubu, kwa kawaida tano, nne pembeni na moja katikati.

Rudisha utepe wote upande mmoja. Ilaze kaseti mezani, fungua skurubu, inua nusu ya juu taratibu ikiwa wima, kwa sababu karatasi laini ya kutelezesha inaweza kung'ang'ania na kuburuta utepe. Kabla hujagusa chochote piga picha ya njia ya utepe: unapita nje ya vigurudumu vya pembeni na mbele ya kisponji. Hamisha magurudumu mawili pamoja na utepe wake kwa mara moja, ukishika plastiki tu. Mafuta ya vidole hubaki kwenye utepe. Kama ganda la asili limegandishwa bila skurubu, lipasue kwenye mshono kwa bisibisi bapa, kuanzia upande ulio mbali na utepe. Funga skurubu bila kukaza kupita kiasi, zungusha kwa penseli uone kama inateleza, kisha vunja vile vijino viwili vya nyuma ili isifutwe kwa bahati mbaya.

Inakili siku hiyo hiyo. Safisha kichwa cha redio kaseti kwa pamba yenye spiriti ya isopropili, peleka utepe mbele hadi mwisho na uurudishe ili mkazo ulingane, kisha rekodi kwenye kompyuta kwa WAV (faili ya sauti isiyobanwa), biti 24, ukiacha vilele vifike karibu -6 desibeli. Nakala hiyo ya kwanza usiiondolee kelele. Programu za kusafisha hula matoazi pamoja na mchakacho. Safisha nakala ya pili kama lazima.

Swali: Zote kumi nikizipata kwenye huduma ya mtandaoni, kuna haja ya kuhangaika?

Ipo. Kule umeazimwa: mkataba wa haki ukiisha albamu huondoka, au toleo hubadilishwa bila taarifa. Miliki faili zako. Nakili CD kwa FLAC, faili ya sauti iliyobanwa ambayo haipotezi chochote; dakika 45 huchukua takriban MB 250 hadi 300, hivyo zote kumi hazizidi GB 3. Usigeuze MP3, ambayo hutupa sehemu ya sauti, kuwa FLAC, kwani kilichokwisha kutupwa hakirudi. Weka nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikae nje ya nyumba. CD ulizochoma mwenyewe usizitegemee, maana rangi yake hufifia kwa mwanga.

Swali: Santuri zinazobaki nizilaze au nizisimamishe?

Zisimame wima kabisa. Zikilala, uzito hupindisha za chini. Zikiegemea, hujikunja taratibu. Sentimita 30 za rafu hubeba karibu kilo 16, kwa hiyo ubao mwembamba hautafaa. Za mizunguko 78 za lakri usiziguse na spiriti hata tone, zinayeyuka. CD ifute kutoka kati kwenda ukingoni, na linda zaidi upande wenye maandishi: tabaka linalobeba muziki liko hapo chini ya vanishi nyembamba, na mkwaruzo wa upande huo haufutiki.

Swali: Nikijuta baadaye?

Zilizokosa nafasi kwenye kumi usizigawe mara moja. Zifunge kwenye sanduku lenye tarehe, kwa miezi sita. Uliyoifuata sandukuni mara mbili irudishe, na moja ya zile kumi itoke.