Sukari Yangu Imeshuka kwa Kunde na Mlenda, Si kwa Unga wa Bei Mbaya

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: "Dada, naomba unielekeze unakouzwa ule unga maalumu wa wagonjwa wa sukari. Mume wangu kagundulika juzi, na bei niliyotajiwa imenitoa jasho." Nimeshamjibu pembeni, lakini swali hili naulizwa mara kwa mara na kila nikiulizwa linaniuma. Watu wanakopa kununua pakiti yenye picha ya suke la mtama, wakati mtama wenyewe umejaa sokoni Tandale.

Kipimo changu cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari ya damu kwa miezi mitatu iliyopita, safari hii kimesoma asilimia 6.6. Nilipoanza kilisoma 9.8. Daktari aliniuliza ninakula nini, nikamjibu bila kumung'unya maneno: kunde, choroko, mlenda na ugali wa uwele kidogo, na vidonge nameza kama nilivyoandikiwa. Najivunia, wala sioni haya kusema.

Mimi mzaliwa wa Dodoma. Chakula hiki nimekulia. Lakini nilipoolewa Dar niliambiwa ni chakula cha njaa. Siku moja nimetenga ugali wa uwele, wifi yangu akasukuma sahani, akauliza mbele ya wanangu kama kaka yake amefilisika. Neno lile lilinikaa. Tangu siku ile uwele haukuingia tena jikoni kwangu. Ikawa wali na sembe, sembe na wali, mpaka sukari iliponiangusha. Leo wifi huyohuyo ananipigia simu kuuliza mlenda unaungwaje. Namwelekeza kwa moyo mmoja, ila sijasahau.

Tuje kwenye chakula chenyewe. Sembe imekobolewa, pumba na kiini vikaenda kwa kuku, kilichobaki kikasagwa laini. Kikifika tumboni kinageuka sukari upesi. Kunde zina protini na nyuzinyuzi, kwa hiyo sukari yake inaingia kwenye damu polepole. Kasi hii ina kipimo chake, kilichotolewa mwaka 1981 na David Jenkins na wenzake kule Toronto, Kanada: glukosi inapewa 100, chakula cha 55 kushuka chini ni cha polepole, cha 70 kwenda juu ni cha haraka. Kunde, choroko, dengu na maharage viko chini kabisa. Bibi zetu hawakuwa na kipimo hicho, lakini chungu chao kilikuwa sahihi.

Hapa nawaomba mnielewe vizuri, maana ndipo wengi wanapodanganywa. Jina la nafaka peke yake halikulindi. Ulezi ukisagwa laini kama poda, ukapikwa uji mwepesi, unapandisha sukari pia. Nilijipima baada ya saa mbili tangu nilipokunywa kikombe cha uji wa lishe, wala sikutia sukari: 13.4 mmol/L kwenye mashine ya kupimia sukari. Siku nyingine mchana nilikula bakuli la choroko, mchicha na kipande cha ugali kisichozidi ngumi: 8.1. Mashine ni ileile na kidole ni kilekile.

Basi mimi hufanya hivi. Uwele nanunua wa punje, naupepeta na kuuosha mpaka mchanga uishe, kwa sababu hupurwa chini kwenye udongo. Nauanika ukauke kabisa, kisha napeleka mashineni nikimsisitiza kijana asikoboe na asage uwe na chengachenga. Ugali wake ni wa kijivu, mzito, unashibisha haraka. Kama huna uwele, dona inatosha, ila kipande kiwe kilekile cha ngumi.

Kunde nazilowesha usiku kucha, asubuhi namwaga maji yale na kubandika mengine, na mkaa unaotumika ni nusu. Napika nyingi na kuzigawa za siku tatu kwenye friji. Mlenda mkavu wa unga ni kazi ya dakika chache: nyanya na kitunguu vichemke na maji, unanyunyizia mlenda huku unakoroga, unatia karanga za kusaga na kuacha uchemke taratibu mpaka uvutike. Magadi weka chembe tu, na mwenye presha aache kabisa. Dagaa wakiwepo, mezani hapakosekani kitu.

Sahani yangu nusu ni mboga za majani, robo kunde au dagaa, robo ugali. Mboga na kunde natangulia kula, ugali unafuata.

Mama zangu, dada zangu, acheni kuona aibu ya chakula cha kwenu. Aibu hiyo inatugharimu figo na macho. Wala msimpikie mgonjwa chungu chake pembeni kama aliyetengwa. Pikeni chungu kimoja, watoto nao wale, maana kisukari kinatembea kwenye koo zetu.

Lakini anayechoma insulini, au anayetumia vidonge vya kushusha sukari kama glibenclamide, asipunguze ugali kwa kusoma maneno yangu tu. Sukari ikishuka kupita kiasi unatetemeka, unatoka jasho, unaweza kuzimia. Muone daktari kwanza akupangie dozi upya, ujipime kabla ya kula na baada ya saa mbili, na uyaandike majibu kwenye daftari uende nalo kliniki.